Neno Lililompeleka Baba Anjela Bondeni

Ujumbe wa Anjela ulinikuta jikoni, mikono imejaa unga. Aliandika kwamba baba yake ametutoka alfajiri ile na watamzika kesho yake huko Pito, na kwamba nisiache kuja. Niliusoma nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza, kisha nikaendelea kukanda unga kana kwamba sijasoma kitu. Kazi yangu mimi ni ukalimani wa mahakamani. Mtu akisema kwa lugha moja, nayatoa maneno yake kwa lugha nyingine, mbele ya watu ambao pengine wataenda nyumbani na pengine hawataenda, kwa kutegemea nilivyosema. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi, nawatajia chuo. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilijifunzia katika nyumba ya Baba Anjela, mwaka niliokuwa kidato cha tatu, na kwamba somo lenyewe lilikuwa neno moja tu la Kiingereza.

Shule yetu haikuwa na nafasi ya kutosha bwenini, kwa hiyo sisi tuliotoka mbali tulipangiwa kwa watu. Mimi nilipata kwa Baba na Mama Anjela, Pito, katika chumba kilichoshikana na jiko. Nusu ya chumba ilikuwa kitanda changu, nusu nyingine magunia ya ulezi na mbegu za maharage, na kwa sababu ukuta haukufika kwenye paa, moshi wa jikoni uliingia kwangu bila kubisha, na maneno nayo vilevile. Kwa baridi ya Ufipa moshi ule ulikuwa faida. Kwa maneno sijui niseme nini. Wao wenyewe kwa wenyewe walisema Kifipa, mimi walinisemesha Kiswahili, na nadhani kwa muda mrefu walisahau kwamba Kifipa nilikisikia vizuri. Baba Anjela alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa jembe na kanisa. Kiswahili alikisoma kwa kufuata kidole. Mama Anjela ndiye aliyekuwa na ulimi wa nyumba. Mtoto wao Anjela alikuwa wa miaka minne hivi, analala na jogoo la kitambaa alilolishona mama yake.

Walikuwa na shamba zuri chini kidogo ya nyumba, kwenye udongo mweusi unaoshika unyevu, na ndilo lililoleta mambo yote. Mfanyabiashara mmoja wa Majengo, mjini, alidai ameuziwa shamba lile na binamu ya Baba Anjela, binamu ambaye alikwisha kuhama na hakuna aliyejua aliko. Mwanzoni mwa mwaka ule, wakati wa palizi, yule mfanyabiashara alituma vibarua waje kuchimbia vigingi vya mpaka katikati ya ulezi uliokwisha kuota. Baba Anjela aliwakuta. Mimi nilikuwa shuleni, sikuona, lakini jioni nilisikia juu ya ukuta. Alikuwa amempiga kibarua mmoja kichwani kwa mpini wa jembe. Kijana yule aliondoka akiwa ameshikwa huku na huku, na baadaye zikaja habari kwamba amepelekwa Mbeya kutibiwa. Baada ya hapo hazikuja habari nyingine. Wiki zikapita, miezi ikapita, na karibu kila jioni, baada ya kudhani nimelala, Mama Anjela aliuliza kwa Kifipa kama kuna lolote, na mumewe alijibu kwamba hakuna. Siku moja tu alijibu zaidi ya hapo. Alisema, "Kama angekuwa mzima, angekwisha kurudi kunidai."

Barua ilikuja Jumamosi ya mwezi wa tano, ulezi ukiwa unaanza kugeuka rangi. Aliileta mtu wa baiskeli kutoka mjini, akamtaka Baba Anjela atie saini kwenye daftari, akaondoka bila kukubali hata maji. Ilikuwa ya wakili kutoka Mbeya, karatasi moja nzito, Kiingereza kitupu. Baba Anjela aliishika kwa pembe mbili akaniletea nilipokuwa nachambua majani ya maboga uani. Mama Anjela akaja akasimama nyuma yake, mtoto mgongoni. Niliwahi kuwasomea karatasi za mbolea na cheti cha zahanati, na kila mara nilipofanya hivyo walinitazama kwa namna ambayo hakuna aliyepata kunitazama kabla ya hapo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilinawa mikono, nikaenda kuchukua kamusi ndogo niliyoazima shuleni, nikakaa.

Mengi niliyaelewa bila kamusi. Jina lake lilikuwapo, na la mahakama, na habari ya shamba, na tarehe, Jumatatu ya pili kuanzia siku ile. Mstari wa nne ndio uliokuwa na shida. Ulisema kwamba hukumu imekwisha kutolewa dhidi yake, na kwamba itakuwa *executed*, ila kama atafika mahakamani siku ile kutoa sababu ya kuizuia. Neno lile nililijua. Wiki ile ile katika somo la historia tulikuwa tumenakili ubaoni habari za machifu waliopinga Wajerumani, na sentensi ya mwisho ya kila chifu ilikuwa hiyo hiyo, kwamba *was executed*, na mwalimu alituonyesha maana yake kwa kupitisha kidole shingoni. Hata hivyo nilifungua kamusi. Iliweka maana mbili. Ya kwanza ilikuwa tekeleza, timiza. Ya pili ilikuwa ua kwa amri ya sheria, nyonga.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu. Niliziona zote mbili. Siwezi kusema sikuona. Lakini masikioni mwangu kulikuwa na maneno yote ya juu ya ukuta, yule kijana aliyepelekwa Mbeya, zile jioni za kuuliza kama kuna lolote, na sasa barua imetoka huko huko Mbeya, yenye hukumu na mahakama na jina lake. Vitu hivyo vikashikana vyenyewe. Tena, niseme ukweli kwa kuwa wote wawili sasa wamekufa: nilitaka kuwa mtu anayejua. Walikuwa wamesimama mbele yangu wananisubiri, na kusema kwamba neno hili lina maana mbili na sijui ni ipi kulinikaa kama aibu. Nikafunga kamusi.

Nikamwambia, "Baba, wanasema umehukumiwa, na watakuua."

Hakupiga kelele. Aliniuliza ni lini, nikamwonyesha tarehe. Aliniuliza kama imeandikwa afanye nini, nikamwambia imeandikwa afike mwenyewe mahakamani siku hiyo. Alicheka kidogo puani. "Yaani nijipeleke," akasema. Akaikunja barua, akaingia ndani, na jioni ile jikoni hakukuwa na mazungumzo ya lugha yoyote. Nilisikia tu sanduku likifunguliwa na kufungwa. Asubuhi ya Jumapili, tulipojiandaa kwenda misa, hakuwapo. Mama Anjela alisema amekwenda kumwona mgonjwa, na macho yake yakanikataza kuuliza ni mgonjwa gani.

Jumatatu nilikwenda na neno langu kwa Mwalimu Kasiano, aliyetufundisha Kiingereza. Alikuwa amesoma seminari miaka mingi akaacha karibu na upadre, na Kilatini kilimtoka bila kuombwa. Sikumweleza habari ya barua. Nilimuuliza tu neno lile maana yake nini likikaa pamoja na hukumu ya shamba. Alifurahi, kwani ni nadra mwanafunzi kumuuliza kitu kisichokuwa kwenye mtihani. Alichukua chaki akaligawa ubaoni. Alisema limetoka kwa Warumi, na kwao lilikuwa kufuata jambo mpaka mwisho wake, kama mtu anayefuata nyayo mpaka akamkute mwenyewe. Kazi ukiifuata mpaka mwisho, umeitekeleza. Hukumu ikifuatwa mpaka mwisho, imetekelezwa, au kama wasemavyo wenyewe mahakamani, imekaziwa. Ikiwa ni hukumu ya shamba, watakuja kulitoa shamba. Zamani za wafalme, alisema, hukumu nyingi zilizofuatwa mpaka mwisho zilikuwa za kifo, ndipo neno likatoka kwenye hukumu likahamia kwenye shingo ya mtu. "Lakini hukumu ndiyo inayotekelezwa," akasema, akigonga ubao kwa chaki. "Mtu ananyongwa. Ukitaka kujua ni ipi, angalia kilichotajwa mbele ya neno. Ni mtu, au ni karatasi?"

Nilijua ni karatasi. Barua haikusema Baba Anjela atakuwa hivyo. Ilisema hukumu.

Nilirudi nyumbani mbio, nimeshika viatu mkononi, nikiwa nimepanga maneno yote. Mlangoni nikakutana na harufu ya samaki. Mama Anjela alikuwa amenunua kambale sokoni, kitu ambacho hatukula ila sikukuu, na alikuwa ameniwekea kipande cha katikati, kile ambacho siku zote kilikuwa cha mumewe. Akaniketisha kwenye kigoda cha mumewe. Akasema yeye hajasoma, na mumewe hajasoma, na barua ile ingekaa dirishani mpaka siku ya kuja kumkamata, wangemkuta ameketi papa hapa anakula. Akasema Mungu ndiye aliyenileta katika nyumba hii. Alilia kidogo, akajifuta kwa upande wa kanga, akanisukumia sahani. Nikala. Nilikula kipande chote, na ugali wote, na maneno yangu yakashuka nayo tumboni.

Jumanne sikusema. Jumatano asubuhi sikusema. Kila nilipofungua mdomo niliona nikifungiwa mizigo na kurudishwa kwetu, na shule ikiishia hapo. Jumatano mchana, mimi nikiwa shuleni, mwenyekiti wa mtaa alipita kumuulizia Baba Anjela kwa jambo lingine kabisa, na Mama Anjela akamwambia amekwenda Mpanda kwa ndugu. Jioni nilipotoka shule nilikuta kuku hawapo. Alikuwa amewauza wote. Magunia chumbani kwangu yalikuwa yamepungua, na vyombo vilikuwa vimefungwa katika shuka mbili. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba Jumamosi yeye na Anjela watamfuata mumewe, kisha watavuka wote kwenda Zambia, kwamba huko ana shangazi, na kwamba mimi nitafute pa kukaa. Ulezi aliuacha. Alisema, "Ulezi auvune huyo anayeutaka kwa damu."

Ndipo nikasema. Nilisema nimesimama, nimeshikilia mlango wa jiko. Nilimwambia neno lile lina maana mbili, na mimi nilichukua ile isiyo yenyewe. Barua ilisema watamnyang'anya shamba. Haikusema watamuua, na akifika Jumatatu ataruhusiwa kujitetea. Alikuwa anakoroga uji wa mtoto. Alikoroga mpaka ukaiva, akaipua sufuria, akaiweka chini taratibu.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu, mama."

Alihesabu kimya kimya. Niliona midomo ikihesabu.

"Na samaki ukamla," akasema.

Hakunitukana wala hakunipiga, na mpaka leo nimesikia watu wengi wakisemwa vibaya kizimbani, lakini sijasikia neno lililokaa mahali pake kama lile. Alimlisha mtoto. Kisha akaniambia nijitayarishe, asubuhi tunashuka bondeni. Nilianza kusema habari ya shule, akanikatiza. Mumewe alikuwa amejificha kwa mtu ambaye si wa damu yake, alisema, na hawezi kutoka huko kwa maneno ya kusikia. "Utamwambia wewe. Kwa mdomo ule ule."

Alhamisi tulimwacha Anjela kwa jirani, tukapanda lori la mbao mpaka Ntendo, na kutoka pale tukaenda kwa miguu mpaka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale nchi inapokatika. Mtu anayekaa juu Ufipa amezoea upepo na nyasi na baridi. Ukifika pale unaona ardhi imeanguka chini yako, na mbali kabisa ziwa Rukwa limelala kama bati. Tulishuka njia ya mawe siku nzima. Mama Anjela alitangulia, hakugeuka nyuma, na kila hatua joto lilipanda kutupokea. Tulilala kwenye nyumba ya katekista njiani, na Ijumaa mchana tukafika kwa Mzee Luhende.

Luhende alikuwa Msukuma, mfugaji, aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga miaka mingi nyuma. Yeye ndiye aliyemuuzia Baba Anjela maksai wake wawili, na akakaa Pito wiki nzima kumfundisha kuwafunga nira. Urafiki wao ulikuwa huo tu, lakini ulitosha. Tuliwakuta wamekaa kivulini kando ya zizi, wanasokota kamba. Baba Anjela alipotuona alisimama, akatazama nyuma yetu njiani kuona kama tumefuatwa. Nilipiga goti nikasema shikamoo. Alimtazama mkewe badala ya kuitika, na mkewe akanionyesha mimi kwa kidevu.

Nilimweleza kila kitu, na habari ya Mwalimu Kasiano, na habari ya Jumatatu ya pili ambayo sasa ilikuwa imebakiza siku tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilirudi kusokota kamba.

"Barua ni ile ile?" akauliza.

"Ni ile ile, baba."

"Na neno ni lile lile."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ni yule yule," akasema. "Sasa nini kimebadilika?"

Mzee Luhende aliniuliza kama neno lenyewe naweza kuliandika. Nikaliandika mchangani kwa kijiti. Alilitazama kwa muda, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni wenye karatasi zake za mifugo. Akatoa kibali cha kuhamisha ng'ombe, akaniwekea kidole kwenye mhuri. Ulikuwa mhuri wa mtendaji wa kijiji, umeandikwa kwa Kiingereza, na katikati yake lilikuwamo *Executive*. Nikamwambia Baba Anjela kwamba ni ukoo mmoja, kwamba mtendaji ameitwa hivyo kwa sababu anatekeleza, na mtendaji wa kijiji haui mtu. Aliinama. Alifuata herufi za mhuri kwa kidole, moja moja, kisha akafuata zangu za mchangani. Alifanya hivyo mara mbili.

"Yanafanana mwanzo," akasema. "Mwisho yanaachana." Akanyanyuka akaenda kunywesha ng'ombe.

Walitupa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa, na maziwa mgando, na mke wa Luhende akanihimiza niongeze. Nilikaa na bakuli langu nikielewa kwamba ukweli ninao, ninao wote, na haunifai kitu. Nilikuwa nimeutumia mdomo wangu kwa kitu kingine kabla. Hilo ndilo jambo ambalo hata sasa, ninapowaona vijana wapya wakija kazini kwetu na Kiingereza chao kinachong'aa, natamani kuwaambia, lakini nadhani haliambiki.

Jumamosi alfajiri nilikuta Baba Anjela amevaa viatu. Hakusema ameamini. Alimwambia Luhende kwa Kiswahili, ili sote tusikie, kwamba amefikiri, na ameona akivuka Zambia mkewe na mtoto watakuwa watu wa kujificha maisha yao yote kwa ajili ya mkono wake yeye. Luhende alimpa fimbo na chupa ya samli. Tukapanda mlima ule bila kulala njiani, wao mbele na mimi nyuma, nikiwa nimefurahi kwamba amenisadiki.

Jumapili ndipo nilipofahamu kwamba hakunisadiki. Kabla ya misa nilimwona kwenye foleni ya kitubio, na alipopiga magoti alikaa muda mrefu hata watu nyuma yake wakaanza kutazamana. Baada ya chakula cha mchana alimkalisha mkewe uani akamweleza mbegu zipi ni za mwaka ujao, maksai yupi hapendi kufungwa upande wa kushoto, na nani katika ndugu zake asimwamini. Alinyoa ndevu. Alimbeba Anjela akazunguka naye shamba zima, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa chumbani, nimekaa juu ya gunia, nasikia yote, na nikaelewa kwamba mtu huyu anakwenda kunyongwa kesho kwa sababu yangu, na anakwenda kwa miguu yake.

Mahakama ilikuwa chumba chenye mabenchi na madirisha yaliyopakwa rangi ya kijani. Tuliingia watatu. Mfanyabiashara wa Majengo alikuwa amekaa mbele, amevaa koti, na wakili wake pembeni. Kesi ilipoitwa, Baba Anjela alisimama wima kama mtu aliyepo kanisani. Wakili alizungumza Kiingereza, na katika maneno yale yote yaliyopita juu ya vichwa vyetu, lile neno lilitokea, mara moja, kisha tena. Baba Anjela alilitambua. Nilikuwa nyuma yake na niliona vidole vyake vikishika ubao wa kizimba.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alifungua jalada akasoma, kisha akamuuliza kwa Kiswahili kama aliwahi kupata wito wa kesi hii kabla hukumu haijatolewa. Akajibu kwamba hakupata. Akamuuliza kama ana neno la kusema kwa nini hukumu isikaziwe. Mama Anjela alinishika mkono, sijui kama alijua ni wangu.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba kujua kwanza. Yule kijana alikufa?"

Hakimu aliinua uso. "Kijana yupi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Hakuna aliyekuwa amemtaja kijana yeyote. Katika jalada lile hakukuwa na kijana. Baba Anjela alikuwa amesimama mbele ya mahakama na kujitaja mwenyewe kwa jambo ambalo hakuna aliyemshtaki, kwa sababu mimi nilimwambia wanajua. Akajibu kwamba ni yule kibarua aliyempiga kwa mpini shambani. Wakili alimwinamia mteja wake, wakanong'ona. Kisha yule mfanyabiashara, ambaye angeweza kusema lolote siku ile, alisema kwa kuchoka kwamba huyo alishonwa nyuzi tano akapona, na tangu mwezi wa tatu yuko kwao anachoma matofali.

Baba Anjela alikaa pale pale chini, sakafuni mwa kizimba, na karani akainuka kumtafutia maji. Hakimu alisubiri. Alimwambia mambo ya kupiga watu si ya jalada hili, na kwamba ampe Mungu shukrani. Kisha akaandika kwa muda, akasema hukumu inasimamishwa na kesi itasikilizwa upya, naye akiwepo.

Kesi ile ilichukua miezi yote iliyobaki ya mwaka, na mwisho wake Baba Anjela alibaki na sehemu ya juu na ya kati ya shamba, na kipande cha chini chenye udongo bora kikaenda kwa mtu wa Majengo. Ulezi aliuvuna. Sikufukuzwa. Mama Anjela alinirudishia kazi zote za nyumbani kama kawaida na hakulitaja jambo lile tena. Lakini karatasi za nyumba ile hazikuja mkononi mwangu. Wito wa mahakama, barua za ushirika, hata kadi ya kliniki ya mtoto, Baba Anjela alizitia mfukoni akaendesha baiskeli mpaka kwa Mwalimu Kasiano, na mimi niliketi uani na kamusi yangu nikimwona akipita. Hakunifanyia ubaya wowote. Aliitika shikamoo yangu kila asubuhi. Nilijifunza Kiingereza mwaka ule kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza gizani. Kila neno nililifuatilia mpaka maana yake ya mwisho kabisa chini ya ukurasa.

Nakala ya hukumu ilikuja mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, siku chache kabla sijaondoka kwenda kwetu likizo. Zilikuwa kurasa sita. Nilikuwa nachambua maharage, na nilipoona baiskeli imeegemezwa ukutani nilidhani anangoja mvua ikatike aende kwa mwalimu. Akaja na kigoda chake akakaa mbele yangu. Aliziweka zile karatasi juu ya goti langu.

"Soma," akasema. "Polepole. Na usilolijua, useme hulijui."

Nikasoma. Mstari nausoma kwa Kiingereza, kisha naueleza kwa Kiswahili, na yeye anaitikia kwa kichwa. Mama Anjela alikuja akasimama mlangoni. Ukurasa wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Katikati ya ukurasa wa tatu nilifika kwenye neno refu ambalo sijapata kuliona. Nilifungua kamusi, halikuwamo. Nilihisi wanavyonitazama wote wawili. Lilifanana na neno jingine nililolijua. Ningeweza kukisia.

"Hili silijui," nikasema.

Baba Anjela alitazama pale nilipoweka kidole, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokuja kukisikiliza.

"Basi hapo tuache nafasi," akasema. "Endelea."

Tukaacha nafasi, nikaendelea.